Siku Fundi Alipopika Nyumbani

Jiko la nyumbani kwa Fundi lilikuwa jiko kwa jina tu. Juu ya meko palilazwa ubao wa kupigia pasi. Ndani ya oveni mke wake alihifadhi viatu vya mvua, na kwenye kabati la vyombo binti yao alipanga vitabu vya shule. Aliyeingia mara ya kwanza alibaki mdomo wazi, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mpishi, tena si wa kubahatisha. Alikuwa mpishi wa michuzi katika mkahawa wa kona ya benki, ule ambao watu walisimama nje na njaa yao wakingoja meza iwe wazi.

Lakini kinyozi hajinyoi. Familia nzima ilikula mkahawani. Mke alitoka duka la dawa alikofanya kazi, binti alitoka shule, wakakutana kwenye meza ya nyuma karibu na mlango wa jiko, wakala, wakangojea Fundi avue aproni. Nyumbani walichemsha chai tu. Binti huyo wenzake walimwita Kasuku, na jina likamfuata hadi nyumbani, kwani neno lililoingia sikioni mwake asubuhi halikulala bila kutoka mdomoni. Hata mama yake alizoea kumwita mumewe Baba Kasuku.

Mkahawa ule ulikuwa na sheria yake. Mpishi haonji chungu chake. Marehemu mzee aliyeuanzisha alisema kwamba ulimi wa anayepika umelewa moshi, tena una upendeleo kama mama kwa mwanawe. Kwa hiyo kila sufuria ilipelekwa dirishani, pale jiko linapopakana na ukumbi, na hapo alikaa mama mmoja kwenye kiti kirefu, na kijiko kidogo mkononi. Alionja, akanyamaza, chakula kikatoka. Kama hakikumridhisha alipiga kelele, "Chumvi!" au "Ndimu!", jiko zima likasikia, na mwenye sufuria akairudisha motoni huku masikio yamemwiva. Kila mtu alimwita Bi Dirisha. Sidhani kama wapishi wadogo walijua kwamba ana jina jingine.

Fundi alikuwa hajapigiwa kelele miaka mingi. Sufuria yake ilifika dirishani, ikapita kimya. Wapishi wapya walioneshwa mkono wake kama wanafunzi wanavyooneshwa ramani: "Ule mkono haukosei." Naye, ingawa hakuwa mtu wa majivuno, aliusikia usemi huo ukimpasha moto kifuani.

Malalamiko yake yalikuwa mengine. Vyakula, alisema, vimeharibika. Nyanya za siku hizi ni maji yaliyopakwa rangi. Kuku wa siku hizi ni pamba. Kitunguu hakina hasira tena. Alipokula alimwagia sahani pilipili hadi macho yakamtoka machozi, na hapo ndipo alipovuta pumzi na kusema, "Angalau hii bado inajua kazi yake." Watu walicheka. Kila mpishi ana wazimu wake, na wa Fundi ulikuwa huo.

Basi asubuhi moja bomba lililopita chini ya sakafu ya jiko likapasuka. Sufuria zilikuwa zimekwisha kubandikwa. Maji yalipanda kama yaliyoitwa, yakafika vifundoni, yakabeba maganda ya viazi hadi ukumbini. Akaja fundi wa mabomba, akapasua vigae viwili, akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari aliyefika kwa kuchelewa. Bosi, mtoto wa yule marehemu mzee, aliwakusanya wafanyakazi nje, viatu vyao vikitoa maji kila walipohama mguu, akawaambia mkahawa umefungwa hadi sakafu yote ivunjwe na kujengwa upya.

Walipoanza kutawanyika akamvuta Fundi kando.

"Bi Dirisha anapumzika," alisema. "Amechoka, na mimi siwezi kumkatalia. Tukifungua, dirisha ni lako."

Fundi alitazama miguu yake. Mishipa ya mashavu ya miguu hiyo ilikuwa imevimba na kujisokota kama kamba, kwa kusimama mbele ya moto tangu ujanani. Usiku mke wake aliipaka dawa, naye akauma mto asipige kelele. Dirisha lilikuwa kiti. Dirisha lilikuwa heshima ya mwisho ambayo jiko lile lilikuwa nayo, na alikuwa ameingojea kimyakimya, bila kumwambia mtu, kama mtu anavyongojea mvua asiyotaka kuitaja isije ikaondoka.

"Mbona umenyamaza?" Bosi aliuliza.

"Nimesikia, Bosi. Nimesikia sana."

Alirudi nyumbani mchana, jambo lisilo la kawaida, akiwa na kuku, mchele, viazi, vitunguu na nyanya. Akawatangazia:

"Leo nyumbani kunapikwa."

"Nyumbani kwa nani?" Kasuku aliuliza.

Mke alicheka hadi akashika ukuta. Waliondoa ubao wa pasi. Walitoa viatu kwenye oveni. Sufuria waliyoipata ilikuwa ndogo. Mikononi mwa Fundi ilionekana kama kichezeo, na mara mbili aligeuza mwiko kwa nguvu ya kazini, mchuzi ukarukia ukutani. Lakini harufu, mke wake alisema, harufu ile ilifika hadi kwenye ngazi, na jirani wa juu alifungua mlango makusudi ili aione sura ya aliyebahatika. Kasuku alipanga sahani. Mke alikaa kama mgeni, mikono mapajani, akasema hajawahi kupikiwa na mumewe peke yake, bila ya nusu ya mji kupikiwa pamoja naye.

Walianza kula.

Fundi alikuwa akiwaeleza habari ya dirisha, na alikuwa amefika kwenye maneno ya Bosi, alipoona kwamba hakuna anayemtazama. Mke wake alitafuna polepole, macho kwenye sahani. Kasuku alimeza, akanywa maji, akamwangalia mama yake, akanywa maji tena.

"Vipi?" Fundi aliuliza.

"Kuku ameiva vizuri sana," mke alisema.

"Sikuuliza kama ameiva."

"Baba, umesahau chumvi," Kasuku akasema, na mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikuwa limekwisha toka.

Fundi alicheka. Alichota mchuzi kwa kijiko, akaonja. Kazini asingefanya hivyo, lakini hapa hapakuwa na dirisha. "Chumvi imo," alisema.

"Haimo, Baba Kasuku. Labda mawazo ya kazi. Si neno, tutaongeza."

"Imo, nasema! Miaka yote hii napika, leo ndiyo nifundishwe chumvi na watu wanaoweka viatu ndani ya oveni?"

Ilikusudiwa kuwa mzaha, lakini ilitoka na makali. Hakuna aliyecheka. Fundi, kwa kuwa aliona aibu na hakupenda kuiona, akanyoosha mkono akachukua chupa ya chumvi. "Haya. Mnataka chumvi? Chumvi hii hapa." Akafungua kifuniko, akamimina kwenye sahani yake, akamimina tena, mpaka wali ukafunikwa kama umepakwa chokaa. Kisha, ili awaoneshe ujinga wao, akala.

Alikula kijiko cha kwanza, akatafuna. Akala cha pili. Alitaka waombe radhi, kwa hiyo akaendelea, cha tatu, cha nne, huku akiwatazama mmoja mmoja. Na akaona kwamba hawakuwa na sura ya watu wanaotaka kuomba radhi. Kasuku alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mke wake alikuwa amesimama, wala Fundi hakuona alisimama saa ngapi.

"Acha," mke alisema kwa sauti ndogo. "Baba Kasuku, weka kijiko chini."

"Kwa nini?"

"Weka chini kwanza."

Alipitisha kidole kwenye ukingo wa sahani ya mumewe, akakilamba, na uso wote ukamkunjamana. Akakimbilia bomba la maji. Fundi alibaki na kijiko hewani. Aliitazama sahani. Mdomoni mwake palikuwa na joto, na ulaini wa wali, na punje ndogondogo zilizosagika chini ya meno kama mchanga. Hapakuwa na kitu kingine.

Mke alirudi na glasi mbili za maji. Kazini, kwenye duka la dawa, alikuwa mtu wa kupima kabla ya kusema. "Kunywa hii," alisema. Akanywa. "Na hii." Akanywa.

"Ipi ina sukari?"

Fundi alizitazama glasi zote mbili. Maji ni maji. Alinywa tena ya kwanza, akaizungusha chini ya ulimi, akafumba macho kama alivyomwona Bi Dirisha akifanya. Akanywa tena ya pili. Jasho lilimtoka usoni, yeye aliyesimama mbele ya moto maisha yake yote.

"Zote hazina kitu," alisema.

"Moja ina sukari, Baba Kasuku. Nyingine ina chumvi."

Kwenye nyumba ya juu mtu aliburuta kiti, na sauti ile ikawa kubwa mno. Fundi aliuvuta ulimi wake kwa vidole, kwa kweli aliuvuta, mbele ya binti yake, kama mtu anayekagua kifaa kilichozimika ghafla, na Kasuku akaanza kulia.

"Ile homa," mke alisema mwishowe. "Ile iliyokulaza kitandani hadi ukaongea ovyo. Tangu hapo ndipo ulipoanza kusema nyanya zimeharibika."

Hilo lilimpiga kuliko glasi. Homa ile ilikuwa ya zamani. Kasuku hakuwa amefika hata kimo cha meza. Miaka yote hiyo aliwatukana wakulima.

Daktari waliyemwendea alimmulika kooni, akamgusisha hiki na kile kwenye ulimi, akauliza maswali mengi. Homa nyingine huacha alama ya namna hiyo, alisema. Huenda ladha ikarudi, huenda isirudi, na yeye si mtu wa kuahidi. Fundi alimshukuru kwa adabu. Walipofika ngazi za nyumbani akamshika mkewe mkono.

"Mama Kasuku. Habari hii isitoke mlangoni."

"Na dirisha?"

"Dirisha nitajua mimi."

"Utajua vipi? Utaonja kwa nini, kwa nyusi?"

Fundi akaanza kupanda ngazi, na mke hakurudia swali. Alijua ile miguu. Ni yeye aliyeipaka dawa.

Tangu siku hiyo nyumba ilipika kila jioni, kwani mkahawa ulikuwa bado matofali na vumbi, nao walihitaji kula kama watu wengine. Kasuku akawa ulimi wa baba yake. Alikaa juu ya kaunta, miguu ikining'inia, akaonja na kutoa hukumu: "Bado. Bado kidogo. Hapo! Hapo hapo, baba, usiguse tena!" Fundi akajaribu kukariri kwa mkono wake kile alichoambiwa na mdomo wa mwingine. Usipomjua ungedhani ni baba na binti wanaofurahia likizo. Lakini mara nyingine katikati ya kukoroga alisimama ghafla, mwiko hewani, na rangi ikamtoka usoni, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi mahali fulani.

Mke ndiye aliyesema wamwalike Bi Dirisha kwa chakula cha kumuaga. Ingeonekana vibaya wasipofanya hivyo. Fundi akakubali, na moyoni akasema huo ndio mtihani: kama kijiko cha mama yule hakitagundua, hakuna kitakachogundua.

Bi Dirisha alifika jioni, jua likiwa bado dirishani, akiwa na viatu vya kutokea badala ya vile vya mpira vya kazini. Bila aproni alionekana mfupi.

"Shikamoo, bibi," Kasuku alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiyo wewe uliyekuwa ukimaliza viazi vya meza ya nyuma? Ukisimama u mlingoti!" Akageuka kulitazama jiko. "Kumbe mna jiko. Mjini walisema mnalala humo."

Walicheka, wakakaa. Fundi alipakua kuku na viazi vilevile vya siku ya kwanza. Kasuku alikuwa ameonja mara nyingi hata akadai kuwa ameshiba. Bi Dirisha alichukua kijiko kidogo kwa mazoea, akachota mchuzi peke yake, akafumba macho. Fundi alihisi mapigo ya damu kwenye mishipa ya miguu.

Bi Dirisha akafumbua macho. Hakutazama sahani. Alimtazama yeye, na uso wake ulikuwa wa mshangao mtupu.

"Leo mbona umetia chumvi?"

Hakuna aliyeelewa. "Samahani?" mke aliuliza.

"Chumvi. Imekaa vizuri kabisa. Kwangu unaileta sufuria imepooza kama maji ya mto, miaka yote. Namalizia mimi." Alisema hayo kwa wepesi, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nikadhani hupendi tena kutia, kumbe nyumbani unatia!"

Fundi aliweka uma ukingoni mwa meza. Ulianguka chini, hakuuokota.

"Unamalizia wewe," alisema.

"Si tulikubaliana?"

"Lini?"

Bi Dirisha alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Ulipotoka kwenye ile homa," alisema, polepole sasa. "Sufuria yako ya kwanza ilikuja haina kitu. Nikasema, masikini, bado mgonjwa, nisimpigie kelele mbele ya wapishi wadogo. Nikatia mwenyewe. Kesho yake vilevile. Na kesho yake. Nikasema, aah, nimemwelewa: huyu ananiachia. Wengine wote wanaleta sufuria kana kwamba dirisha ni askari wa kuwakagua. Wewe peke yako uliniachia neno la mwisho. Niliona ni heshima, mwanangu. Ndiyo maana Bosi aliponiuliza nani akae pale, nilikutaja wewe."

Kimya kile alichokibeba miaka yote kama sifa! Fundi alijaribu kukumbuka sahani moja, moja tu, ambayo ilikuwa yake tangu moto hadi kwa mteja. Hakuipata. Kumbe tangu ile homa mkono wake uliipita chumvi, naye akidhani umetia.

"Bi Dirisha," alisema, "mimi sina ulimi."

"Wacha mzaha."

"Sionji kitu. Tangu ile homa. Nimejua juzijuzi, hapa hapa, kwenye kiti hiki. Hiyo chumvi ni ya mtoto."

Mama yule alishika kifua. Alimtazama Kasuku, akamtazama mke, akitafuta mmoja wa kumwambia kwamba ni utani. Kisha kikamtoka kilio kidogo. "Na mimi nilikaa pale," alisema, "na kijiko mkononi, kazi yangu kuonja, na sikuonja hilo! Ningepiga kelele siku ile ya kwanza, ungekwenda kwa daktari siku ile ile. Mungu wangu. Nimekuficha ugonjwa wako mwenyewe."

Bi Dirisha akajifuta macho kwa kitambaa cha meza, akainama, akasema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na wa kusikia: "Haya yabaki hapa. Mimi naondoka, sina wa kumwambia. Wewe kaa dirishani. Wapishi wale wanajua kazi. Wafumbie macho, nyamaza, sufuria ipite. Ukishikwa na shaka, mwite mmoja, jifanye unamfundisha kuonja. Nani atajua?"

Lilikuwa ni lile lile ambalo Fundi alikuwa akijiambia kila jioni. Lakini kulisikia kutoka mdomo mwingine kulikuwa kitu kingine. Aliyaona: yeye juu ya kiti kirefu, miguu imepumzika, kijiko mkononi, anafumba macho na kuonja hewa. Na sufuria za wale vijana zikipita, moja imezidi, moja imepungua, wote wakidhani kwamba ukimya wake ni sifa.

"Baada ya dirisha kuna nani?" aliuliza.

"Kuna wateja tu."

"Basi."

Akaomba simu. Mke akamletea. Fundi akampigia Bosi pale pale mezani, akamwambia kwa maneno machache, bila kupamba. Bosi alicheka kwanza. Kicheko chake kilisikika hadi upande wa pili wa meza. Halafu kikakatika.

"Unaniambia kweli?"

"Kweli, Bosi."

"Mungu wangu. Na wateja walikuwa wakiniomba nikusalimie!" Sauti ilipotea, ikarudi. "Siwezi kukuweka pale."

"Ndiyo maana nimepiga."

"Yule dada anayepika mboga, uliyemfundisha wewe. Anafaa?"

Fundi alifumba macho. Alijua kwamba neno moja tu, la wivu, lingetosha. "Anafaa," alisema. "Na ana kelele. Mwambie asinionee huruma."

"Na wewe utabaki kwenye moto? Na hiyo miguu?"

"Kama kuna wa kunionjea, nitabaki."

"Njoo kesho tuongee," Bosi alisema, wala hakuahidi zaidi ya hapo.

Fundi aliweka simu juu ya meza. Mke wake akauhamisha mguu, chini ya meza, akauweka juu ya mguu wa mumewe, taratibu, mahali pasipo na ile mishipa iliyovimba. Bi Dirisha alikuwa bado anatikisa kichwa. Chakula kilikuwa kinapoa na hakuna aliyekigusa, hadi Fundi mwenyewe alipochota kipande cha kiazi, akatafuna, akameza, kisha akamgeukia binti yake.

"Kasuku. Hebu niambie. Ikoje?"

"Nzuri, baba."

"Nzuri vipi?"

Kasuku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakikutoka kitu. Alionja tena, akakunja uso kwa kutafuta. "Ni… kwanza ya kiazi, halafu ya kuku inakuja nyuma. Halafu, baba, sijui. Ni kama… Mama, ni kama nini?"

Mama yake naye alionja, akafikiri. Bi Dirisha, aliyeonja chakula cha watu maisha yake yote, alichukua kijiko chake, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Nao wakamngojea.